Kalibu ya Mguu Wangu

Miaka thelathini na mmoja hapa Felgueiras,
cherehani namba sita, karibu na dirisha,
nimewashonea viatu wanawake nisiowajua:
ncha kali kama mdomo wa korongo,
kisigino kirefu, ngozi ya mbuzi.
Mguu sikuuona. Niliona kalibu,
mguu wa plastiki usio na malalamiko.

Asubuhi moja ya Machi nilikanyaga sakafu
nikadhani Adérito amemwaga changarawe
chini ya kitanda. Nikamgombeza.
Akawasha taa.
Sakafu ilikuwa safi kama sahani.
Changarawe ilikuwa ndani yangu.

Wakasema ni uzee. Nina miaka hamsini na miwili!
Wakasema ni saruji ya kiwanda, ni uzito, ni mvua.
Wifi yangu Leopoldina akaleta mafuta ya kafuri
na kichupa cha maji kutoka Fátima.
Vyote nilipaka. Asubuhi ikabaki ileile:
saa nzima, saa na nusu,
nikishuka ngazi kwa makalio, kama mtoto,
na kahawa inapoa huko chini.

Daktari Abrantes hakuanza na damu.
Aliubana mguu wangu kwa mkono mmoja, taratibu,
pale vidole vinapoota,
nikapiga ukelele hadi muuguzi akachungulia.
"Na wa pili?"
Pacha wake.
"Maradhi haya hupenda jozi," akasema,
nami, mshona viatu, nikacheka bila kutaka.

Baridi yabisi. Yabisi, sawa;
lakini baridi iko wapi? Viungo vyangu
ni moto kama mkate wa mahindi utokao tanurini.
Askari wa mwili, alinieleza, wamepotoka:
wanaipiga risasi nyumba wanayoilinda.

Sasa Jumatatu ni siku ya vidonge.
Mara moja kwa wiki, SI KILA SIKU,
nimeandika kwa wino mwekundu kwenye jokofu,
maana dawa hii ukiizoea vibaya inakuzika.
Damu hupimwa, ini huchunguzwa.
Mvinyo wa shamba la baba nimeuaga;
Adérito hunywa glasi yangu kwa niaba,
kwa huzuni ya uongo.

Sikupona. Nimepoa.
Kati ya maneno hayo mna herufi moja tu,
na mimi ndimo ninamoishi.
Siku mbaya, miguu juu ya mto.
Siku njema, miguu kando ya mto,
hatua mia, benchi, hatua mia.
Usiku nakagua nyayo kwa kioo cha kunyolea:
sugu, lengelenge, wekundu mgeni.
Kidole gumba kimemwinamia jirani yake
kama anayenong'ona kanisani.

Viatu nilivyoshona vilinifukuza kimoja kimoja.
Kinyozi hajinyoi, wanasema. Basi.
Zulmiro wa karakana akanipa kalibu kuukuu,
nikaibandika nta na vipande vya gome la mkoki
hadi ikawa na vinundu vyangu, aibu yangu yote.
Nikakata ngozi laini ya kondoo. Mbele pana, pa kina.
Bitana isiyo na mshono juu ya vidole.
Soli ngumu, iliyopinda kama susu ya mtoto,
mguu ubingirike wala usikunjike.
Mkanda badala ya kamba, maana vidole vya mikono
navyo vimeanza kunong'ona.

Msimamizi akakigeuza mkononi.
"Nani atanunua kituko hiki?"
"Siuzi."

Alhamisi, kwenye choo cha wanawake,
Custódia wa idara ya kukata alifunga mlango,
akavua kiatu, akavua soksi.
"Nibane hapo," akasema.
Nikambana, taratibu.
Maji ya bomba hayakutosha kuuficha ukelele wake.

Nilikuwa na penseli. Nilikuwa na kadibodi.
"Kwanza Abrantes," nikamwambia, "kisha kadibodi.
Kiatu hakitibu."
Akaitikia kwa kichwa,
akasimama juu ya kadibodi hata hivyo.